Kichwa cha Aicha mu Mawingu

Benchi yetu iko mbele ya studio ya Sumaili, pale barabara ya Kabambare inapoingia Kasongo. Pikipiki yoyote inayotoka Salamabila lazima itutilie vumbi mu kahawa mbele ya kufika sokoni, na tumeshazoea, tunafunika kikombe na kiganja, tunaendelea kubishana. Miye ni fundi wa kushona. Mashine yangu iko pembeni, chini ya baraza ile ile, na sipendi kuongeleshwa wakati natia uzi mu sindano, lakini hawa watu hawana adabu hiyo. Kuna Kassimu, muuza sabuni na mafuta ya mawese. Tunamwita Hukumu, ju hakuna neno linalopita mbele yake bila kulikatia hukumu. Kuna Djafari, mwendesha pikipiki. Tunamwita Jenerike, ju mu sinema yeye hainuki mpaka jenerike, yale majina yote ya mwisho, yapite, hata la yule aliyewapikia waigizaji. Kuna Mama Subira mwenye kahawa, anatia tangawizi mpaka unatoka machozi, na akisema maneno matatu kwa siku tunashukuru. Na kuna Sumaili mwenyewe, kazi yake ni picha za ndoa na picha za karte za utambulisho, na sasa, kwa mara ya kwanza mu maisha yake, ametengeneza afishi ya filme, tangazo lake la kubandika.

Siku ile, nyuma ya sala ya alasiri, alitoka nayo mu studio ameishika na vidole viwili, wino haujakauka vizuri. Akaibandika kwenye mulango na skochi, akarudi kinyumenyume mpaka akagusa mashine yangu.

— Semeni sasa. Kesho asubuhi naituma Kindu ichapwe kubwa. Nyuma ya hapo hata mukilia, haibadiliki.

Filme yenyewe ilipigwa hapa hapa Kasongo na vijana wetu, inaitwa *Sahani ya Pili*. Ni habari ya mwanamuke ambaye bwana yake alikwenda kuchimba zahabu. Kila magaribi anapakua sahani mbili, moja anakula, moja inapoa. Huyo mwanamuke amechezwa na Aicha, mutoto wa mutaa wetu, muuza mikate ya muchele. Na hakuna aliyemufundisha kucheza. Bwana yake mwenyewe, Byamungu, mutu wa Kivu, alikwenda Salamabila mu karieri, kwenye mashimo ya zahabu, na toka mvua ya mwaka jana hakuna salamu, hakuna mutu aliyemuona, hakuna kitu. Kaka zake Aicha wameshasema: Ramazani ikiingia hivi hivi, wanakwenda kwa shehe ndoa ivunjwe. Yeye hataki. Alikubali kucheza kwa sharti moja tu, kwamba afishi itabandikwa Salamabila na sura yake iwe kubwa, ili Byamungu aione. Hiyo tulikuwa tunaijua wote, na ju ya hiyo, kelele zetu za siku ile zilikuwa na woga kidogo ndani yake.

Basi tukaangalia. Juu kabisa, mu mawingu, kichwa cha Aicha, kikubwa kupita nyumba zote zilizo chini yake, nusu ya uso buluu, nusu rangi ya machungwa. Chini, kijana mwenye beleshi begani anapanda kilima, ametupa mugongo. Chini zaidi: JUMAMOSI, SAA KENDA, KASONGO. WOTE MUKARIBISHWE.

— Iko sawa, Hukumu akasema wengine hatujameza hata kahawa. Afishi ya kweli, kichwa kinakaa juu, miguu inakaa chini. Miye naona filme toka wakati wa kaseti. Kichwa kikubwa, ule ndiye mwenye filme.

— Mwenye filme ni mwenye kamera, Jenerike akasema.

— Acha ujinga. Nasema mwenye habari. Ukubwa wa kichwa unakwambia mutu atadumu namna gani. Kichwa kama sufuria, anafika mwisho. Kichwa kama kikombe, anakufa watu hawajamaliza karanga zao.

— Na huyu asiye na kichwa? nikauliza, ju yule wa beleshi ulikuwa unamuona kisogo tu.

— Wa mugongo ndiye shujaa!

Hukumu na Jenerike walijibu pamoja, na ilikuwa mara yao ya mwisho kupatana siku ile.

— Ju ya nini shujaa anatupa mugongo? nikasema. Shujaa anaogopa nini?

— Fundi, sikia, Jenerike akasema, akaweka kikombe chini, ujue sasa anafundisha. Mutu ukimuona uso, unaanza: aa, huyu simupendi, pua yake kama ya shemeji yangu. Lakini mugongo hauna ubaya. Mwanaume yeyote mu sale ya sinema anauvaa mugongo ule kama shati, anasema, ule ni miye. Ndiyo maana.

— Uongo, Hukumu akasema. Kamera ilichelewa. Wale wa kwanza kabisa, wakati wanatengeneza mashine, mutu ameshaondoka. Wakamupiga mugongo. Nyuma wakaona, hee, inapendeza, wakaifanya sheria.

Sumaili akakohoa.

— Miye nilimugeuza ju alikuwa anacheka kila picha.

Tukacheka, hata Mama Subira. Kijana mwenyewe ni Souleymane wa fundi baiskeli, na kweli ule mutoto anacheka hata mu mazishi.

— Na hizi rangi? nikasema, ju miye rangi ni kazi yangu, kitenge nakijua. Upande huu Aicha iko buluu kama mugonjwa wa baridi, upande huu iko machungwa kama amekaa karibu na tanuri.

— Ndiyo sheria, fundi, Sumaili akasema. Angalia afishi zote za ng'ambo. Buluu na machungwa.

— Nakuuliza ju ya nini.

— Sijui ju ya nini. Ni sheria.

Hukumu alikuwa anangoja hapo tu.

— Buluu ni mutu aliye mbali. Machungwa ni mutu aliye karibu na jiko. Ndiyo maana uso umekatwa katikati: nusu yake iko hapa, nusu imekwenda.

Miye nilimuchukia kidogo kwa sababu ilikuwa nzuri na ilitoka mu kinywa chake.

— Aa-aa, Jenerike akasema, hakuweza kuvumilia. Ni kiwanda. Kulikuwa kiwanda kimoja cha rangi kule kwao, vita ikaisha, wakabaki na madebe ya buluu ya manuwari na madebe ya machungwa ya maboya. Nani atanunua? Wakawaambia watu wa sinema, chukueni. Toka siku ile mupaka leo.

— Nani alikwambia?

— Inaonekana tu. Lakini hayo si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba Sumaili amesahau moto.

— Moto gani? Sumaili akashituka.

— Afishi bila moto? Nyuma ya shujaa lazima kitu kipasuke. Hiyo hata mutoto anajua.

— Mu filme hakuna kitu kinachopasuka, Djafari. Mwanamuke anangojea bwana yake.

— Anapika?

— Anapika.

— Basi moto iko! Kuza ule moto wa jiko mpaka ufike hapa kwenye kilima. Na kwa pembe hii weka elikopta.

— Elikopta ya nini?

— Ya kupita tu. Watu wa Salamabila wanaijua elikopta, wataheshimu.

Nikaacha kushona. Kuna siku mutu anaona kazi hatafanya tena, afadhali akubali. Nikasogea karibu na mulango nikasoma maneno ya juu, na nikaona kosa, nikafurahi ju hatimaye ni miye niliyeona kosa.

— Sumaili. Jina la Aicha umelitia upande wa Souleymane. Na jina la Souleymane liko juu ya kichwa cha Aicha.

— Ndiyo sheria.

— Tena?

— Angalieni afishi yoyote! Majina yamepangwa juu, sura zimepangwa chini, na hazipatani. Jina la huyu liko juu ya yule. Kila mara. Miye mwanzo niliweka sawa, ikaonekana kama karte ya uchaguzi.

— Hiyo najua, Hukumu akasema polepole, na sauti yake ikashuka kama mutu anayesema habari ya jirani. Hiyo ni kinga. Mutu akitaka kukuroga anahitaji vitu viwili, jina na sura. Akichukua jina na sura kutoka kwenye afishi, uchawi unampata mwengine.

— Na yule mwengine je?

— Yule mwengine naye jina lake liko kwa mwengine. Uchawi unazunguka, unazunguka, mpaka unachoka.

Hapo Mama Subira akasema neno lake la kwanza la siku ile, akasema «Haki ya Mungu», na akamujazia Hukumu kikombe, sijui kwa heshima au kwa huruma.

Jenerike alikuwa amechuchumaa chini ya afishi, pua karibu na karatasi. Ameyapata yale majina madogo madogo ya chini kabisa, yale membamba marefu, yamebanana, hakuna anayeyasoma isipokuwa yeye.

— Haya yako ngapi? Sumaili, haya ni machache. Umetia watu sita.

— Ndio walikuwa sita.

— Mutu aliyebeba maji? Mutu aliyefukuza mbuzi wasilie? Watie. Munajua haya majina kazi yake nini? Ni mashahidi. Muislamu anaoa bila mashahidi? Hapana. Basi filme nayo. Kesho mutu akisema hakuna Kasongo, hakuna filme iliyopigwa pale, tunamwambia njoo, soma hapa chini, hawa waliona na macho yao.

Ile ilinigusa, nasema ukweli. Sisi watu wa mji huu tumeshafanyiwa mambo mengi na hakuna aliyeandika majina yetu hata membamba. Lakini sikusema, ju Jenerike ukimusifu hulali.

Aicha akafika wakati huo, beseni tupu ya mikate chini ya kwapa, mutandio umeshuka mabegani kwa joto. Akatusalimia mumoja mumoja, shikamoo baba Kassimu, shikamoo fundi, akambusu Mama Subira mukono. Kisha akageuka, akajiona.

Sumaili akaanza kujikuna shingo.

— Niko mukubwa, akasema.

— Ulitaka mukubwa.

— Nilitaka. Ndiyo niko mukubwa.

— Unaonekana mbali, Mama Subira akasema.

— Si mbali, ni juu! Hukumu akasema. Mama Subira, hapo ndipo pahali pa vedeti, nyota wa filme. Mutu hata akiwa katikati ya Lualaba, kule Nyangwe mu mutumbwi, atamuona.

— Miye sitaki mutu wa Nyangwe, baba. Nataka mutu mumoja.

Akaketi mwisho wa benchi, beseni kwenye magoti.

— Nataka awe anapita. Amebeba mufuko wake wa mchanga kwenye kichwa, hafikiri kitu. Ainue macho, anione. Hiyo tu.

— Atakuona, mutoto wangu.

— Na akiniona, atafanya nini?

Ile haikuwa mu mambo ya sheria za afishi. Jenerike akaiokota haraka, ju hawezi kuacha swali chini.

— Atapata wivu. Atauliza, huyu kijana wa mugongo ni nani? Atapanda pikipiki usiku ule ule.

— Hapana, Hukumu akasema. Haya. Mwanaume akiona bibi yake mu mawingu na yeye iko mu shimo, anapata haya. Haya ndiyo inamurudisha.

— Au ndiyo inamubakisha, nikasema, na nikajuta palepale.

Aicha akaniangalia. Hakukasirika. Alikuwa na macho ya mutu aliyeshafikiri neno lile peke yake mara nyingi mbele ya miye kulisema.

— Akiniona na akibaki, fundi, basi nitajua. Kaka zangu wataenda kwa shehe na sitawazuia. Lakini sitaki kuvunja ndoa ya mutu ambaye labda hajui kama niko. Telefone niliuza. Yeye alibadilisha namba. Tumepotezana kama watoto sokoni. Ile picha ndogo ya kujaribu ya afishi, Sumaili, waliyotumiwa kule mu Wasap, kuna aliyejibu?

— Hakuna. Niliwatumia wote ninaowajua kule. Walioifungua waliifungua, lakini hakuna aliyeandika neno. Hata kusema nzuri au mbaya.

— Ni watu wa mashimo, hawajui sinema, Jenerike akasema.

— Bado naweza kurekebisha macho, Sumaili akamwambia Aicha, ju alikuwa anamuonea huruma na hakujua namna nyingine ya kuionesha. Hapa unaangalia juu. Wengine wanasema mwenye kuangalia juu atakufa mu filme. Tupige nyingine, unaangalia mbele, kwa mutu anayepita.

Wakaingia wote wawili, mulango ukarudi mahali pake, na afishi ikabaki inatuangalia. Mama Subira akatikisa birika, akasema imebaki kidogo. Hukumu na Jenerike wakarudi kwenye elikopta.

Hawakufika mbali. Pikipiki ikatoka upande wa Kabambare, tukafunika vikombe, lakini haikupita. Ikasimama. Mutu akashuka nyuma, mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, kichwa kimenyolewa siku si nyingi, kinang'aa pale vumbi halikushika. Hakuwa na mufuko wala mutungi wala kitu. Na hakutusalimia. Kwetu hapa mutu anaweza kukosa viatu lakini hakosi salamu, kwa hiyo wote tukamwangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mulango, akasimama mbele ya afishi, akaweka kiganja kwenye shavu la Aicha, upande ule wa buluu.

— Jumamosi, ndugu, Jenerike akamwambia kwa furaha. Saa kenda. Wahi mapema, watu watajaa.

— Najua, ule mutu akasema, hakugeuka. Niliona. Huku kwenu hamukawishi kuzika, nilijua sitakuta kitu. Jumamosi ni ya dua tu. Lakini miye Jumamosi iko mbali, nilishindwa kungoja.

Kisha akageuka, na macho yalikuwa mekundu, si ya vumbi tu.

— Munisamehe, bazee bangu, sikuwasalimia. Mulimuzika wapi?

Nilimwangalia Hukumu, yeye aliyekatia hukumu rangi na migongo na wachawi, na yeye alikuwa amegeukia afishi. Jenerike alikuwa ameshika kikombe hewani.

— Byamungu, Mama Subira akasema, amemujua kwa usemi ule wa Kivu.

— Ndiyo, mama. Ni miye.

— Nani alikwambia?

— Picha. Iliingia mu telefone ya mwenzangu, tukiwa tunapanda juu ya mulima kutafuta rezo ya simu. Akaniangalia, akanipa telefone bila kusema. Kwetu Kivu, mutu akifa tunamuchapa hivi, kichwa mu mawingu, tarehe chini, saa, pahali, wote mukaribishwe. Banavaa na mashati yenye sura yake. Nikajua. Kila mutu kule alijua. Balinikalisha chini, balininyoa, mukubwa wa shimo akasimamisha kazi. Balilia na miye. Batu ambao hawakumuona hata siku moja, balimulilia.

Nikaangalia afishi tena, na Mungu anisamehe, niliona maiti. Ile ile karatasi. Sisi mu mutaa huu mutu akifa hatumuchapi. Tunamusitiri, tunasoma, tunarudi nyumbani, na sura yake inabaki kwa wanaomukumbuka. Kwa hiyo mawingu yale kwetu yalikuwa mawingu ya sinema tu, na tulikaa chini yake alasiri nzima tunabishana habari ya elikopta. Ndiyo maana hakuna aliyemujibu Sumaili kule. Mutu hapewi sifa kwa tangazo la matanga.

Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua kinywa. Lakini sauti ya Byamungu ilikuwa imeshafika ndani, na mulango ukafunguka, ile afishi ikaenda nao, na Aicha akatoka nyuma ya sura yake mwenyewe.

Byamungu alirudi nyuma, miguu ikagonga benchi, akaketi juu ya vikombe. Kahawa ikamwagika yote. Hakuna aliyeiangalia.

— Mama weee, akasema. Mama weee.

Aicha alisimama. Alikuwa amejipaka poda kidogo kwa ile picha ya pili.

— Sikufa, akasema.

— Niliona...

— Uliona afishi ya filme. Nilicheza filme. Niko vile ulivyoniacha, isipokuwa nimekonda.

Byamungu alinyoosha mukono kama mutu anayetaka kugusa sufuria na haamini kama imepoa. Hakumugusa. Aicha hakusogea karibu wala mbali. Nilitazamia kilio, nilitazamia vigelegele, Mama Subira alikuwa ameshaweka mukono kwenye mudomo tayari. Lakini Aicha alikuwa na hasira, hasira ya kweli, na ilikuwa inapanda polepole mpaka ikafika kwenye sauti.

— Kwa hiyo njia ilikuwepo.

— Aicha...

— Njia ya Salamabila mpaka hapa. Ilikuwepo. Pikipiki zilikuwepo. Toka mvua ya mwaka jana nakaa hapa, kila pikipiki ikitoka kule nainua kichwa, waulize hawa wazee. Kila moja. Nikiwa muzima hukuja. Nimekufa, umekuja. Nieleze hiyo, Byamungu. Ni hiyo tu nataka uniambie.

Jenerike akainuka kimya, akajifanya anaangalia gurudumu la pikipiki yake. Hukumu akainamisha kichwa. Miye nilishika kitambaa nilichokuwa nashona, na sijui hata kilikuwa cha nani. Kulikuwa na haya ya kusikia maneno ya mutu na bibi yake, na hakuna aliyeweza kuondoka.

Byamungu alisema akiangalia mikono yake, aliyoifungua kwenye magoti, mitupu.

— Nilimuahidi mama yako mabati. Nilikwambia weye nitarudi na mashine ya kusaga. Shimo la kwanza lilijaa maji. La pili, batu banatufukuza. Nilifika mpaka Wamaza, hapa njiani, mara moja, Aicha, naapa, nilifika mpaka Wamaza, nikalala pale, asubuhi nikarudi. Ju kreseri, mutu wa kuchimba zahabu, akirudi, mbele ya kumuangalia uso banamuangalia mukono. Kaka zako. Mutaa yote. Weye pia. Nitasema nini? Nitaingia mu nyumba na nini? Kila siku nasema, mwezi ujao nitapata. Nyuma ikawa siwezi hata kupiga simu.

— Na sasa una nini?

— Sina kitu. Sasa pia sina kitu. Lakini nilipoona ile picha, nikasema, sasa naweza kwenda. Kwa matanga mutu anakuja hivi hivi. Hakuna anayemuuliza umeleta nini. Anakaa chini, analia, banamupa maji. Nilisema, angalau kwa kaburi nitafika, hatanidai kitu.

Akafuta uso na kiganja, vumbi likawa matope.

— Nililia njia nzima, na ndani ya kilio kulikuwa na kitu kama kupumzika. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nakwambia ju uliuliza.

Mwendesha pikipiki wa Salamabila alizima mashine yake, na ukasikia hata mbuzi wa jirani. Sumaili alikuwa mulangoni na kamera shingoni, na hata yeye, anayepiga picha kila kitu, hakuinua mukono.

Aicha akainama, akaokota beseni yake pale kwenye benchi, akaipangusa kahawa na mutandio.

— Basi fanya kama nimekufa kweli, akasema. Twende nyumbani hivi hivi.

Akatangulia. Byamungu alibaki ameketi kidogo, anaangalia mikono yake, kisha akasimama, akamufuata.